Kipoza cha Shangazi Eufelia na Digrii Themanini

Siku niliyohamia kwa Shangazi Eufelia, kitu cha kwanza nilichokiona ni nyayo za viatu vyake. Zilikuwa juu ya kichwa changu, kwenye ukingo wa paa, nyeupe pe kama za mtu aliyekanyaga unga. Nilikuwa nimemfahamu tangu nizaliwe, lakini kwa namna ile ya kumfahamu shangazi wa sikukuu: mikono, aproni, sahani inayokuja na nyingine inayokwenda. Nyayo zake sikuwahi kuziona. Nilisimama uani nikiwa na begi la nguo mkono mmoja na shahada yangu mkono wa pili, imo ndani ya fremu ya kioo, nikapaza sauti ya mtu aliyefaulu kozi mbili za usalama kazini.

"Shangazi! Shuka! Hapo ni hatari!"

"Hatari ni wewe unayesimama chini yangu na kioo," alijibu bila kutazama chini. "Weka hiyo picha ndani, uje unishikie ngazi."

"Siyo picha, Shangazi. Ni shahada."

"Basi iweke shahada ndani, uje unishikie ngazi."

Weupe ule ulikuwa chokaa ya maji ya mji wetu wa jangwani, Albuquerque, iliyodondoka juu ya paa kutoka kwenye kipoza hewa kwa zaidi ya miaka thelathini. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Isidro, katikati ya Mei. Majirani hufungua vipoza vyao siku yoyote joto likiwaudhi. Shangazi hufungua cha kwake siku hiyo tu. Mapema zaidi, anasema, jalidi linaweza kurudi na kupasua mrija wa maji. Kuchelewa zaidi ni uvivu.

Naomba nieleze kipoza ni nini, kwa kuwa mimi mwenyewe, mzaliwa wa mji huu, nilikuwa nakijua kwa jina tu. Nimekulia ng'ambo ya mto, kwenye nyumba mpya zenye viyoyozi, ambako baridi hutoka ukutani kama vile ni haki ya binadamu. Kipoza ni sanduku la bati linalokaa juu ya paa. Pande zake zimejazwa mito ya maranda, yale maranda membamba yanayofanana na nywele. Pampu ndogo huimwagia mito hiyo maji, na feni iliyo ndani huvuta hewa kavu ya nje ipite kwenye maranda mabichi, kisha huisukuma chini ndani ya nyumba kupitia tundu la dari. Basi. Hakuna gesi, hakuna siri. Ni upepo uliopita kwenye nguo iliyoanikwa.

Mwaka huu Shangazi hakuwa anabadilisha mito. Alikuwa anafungua skrubu za kipoza kizima, kwa sababu kilikufa Julai iliyopita, na nusura aende nacho. Kiliungua mota siku ya Jumatatu, naye hakumwambia mtu. Alhamisi, jirani yake, Mzee Cipriano Lucero, alihisi kuna kitu kimepungua hapo nje, akasikiliza, akagundua kuwa ni mlio wa kile kipoza. Aliruka ua akiwa na miaka sabini na tisa, akamkuta Shangazi sakafuni jikoni. Siku mbili hospitalini. Mwanawe wa pekee, Delfino, alilala kwenye kiti kando ya kitanda siku zote mbili, na asubuhi ya tatu akamtaka ahadi. Shangazi akaitoa, akiwa bado na sindano ya maji mkononi: kiangazi kimoja zaidi. Nyumba isipoweza kuwa na baridi ya kumtosha, atahamia kwa Delfino kule Rio Rancho, na nyumba itauzwa.

Nyumba hiyo ni ya matofali ya udongo, na kila tofali lilifyatuliwa uani na marehemu mumewe, Tranquilino. Chumba cha Rio Rancho nimekiona. Kina zulia, kina kiyoyozi, na kina dirisha lisilofunguka.

Baba yangu, ambaye ni mdogo wake wa mwisho, ndiye aliyenituma. Hoja yake ilikuwa fupi. "Una shahada ya uhandisi wa majengo. Huna kazi. Shangazi yako ana jengo."

Jumapili ya kwanza, Kaka Fino (ndivyo tunavyomwita Delfino) alikuja kula. Shangazi alipika maharage na pilipili nyekundu, na Mzee Cipriano alikuwepo pia, kwa kuwa Jumapili huwa hawezi kukumbuka njia ya jikoni kwake mwenyewe. Fino alitoa mfukoni kipimajoto cha duara, kipya, chenye sindano nyekundu, akakiweka mezani kati ya chumvi na tortilla, chapati zetu nyembamba.

"Mama, mimi sitaki ugomvi," alisema. "Nataka namba. Tutundike hiki ukumbini. Tuchague siku moja ya joto la kweli. Ikifika saa kumi na moja jioni na sindano ipo themanini au chini, sitalisema tena jambo hili maisha yangu. Ikizidi themanini, tunafungasha."

Kwetu, kwa vipimo vya Farenhaiti, joto la mwili wa mtu mzima ni tisini na nane, kwa hiyo themanini ni kiasi cha mtu kukaa kivulini bila kulalamika. Lilikuwa sharti la haki. Lakini hata lisingekuwa la haki ningelipenda, maana nilikuwa nimesikia neno "namba." Niliacha chakula changu, nikakimbilia chumbani, nikarudi na kompyuta.

"Kaka Fino, nipendekeze siku?"

"Pendekeza, Injinia."

"Sikukuu ya Mtakatifu Ana. Tarehe ishirini na sita Julai. Familia hukutana hapa siku hiyo hata hivyo." Nikaigeuza kompyuta wote waone mchoro wangu, wenye rangi tatu. "Watu wengi hudhani Julai ndiyo mbaya. Siyo! Kwa wastani wa miaka thelathini, mchana wa mwishoni mwa Juni una joto kuliko mchana wa mwishoni mwa Julai. Tukichagua Julai, tunaanza tukiwa tumeshapata digrii tatu za bure."

Mzee Cipriano alipaliwa na harage. Akamtazama Shangazi. Shangazi akatazama sahani yake.

"Mpe mzee maji," aliniambia.

"Julai," alisema Fino taratibu. "Mwishoni mwa Julai. Una hakika, Analisa?"

"Siyo mimi, kaka. Takwimu."

Alinipa mkono. Alinitazama kwa jicho fulani la huruma, nami, Mungu anisamehe, nilidhani ni heshima.

Kazi ya kuchagua kipoza nilipewa mimi, na niliifanya kwa bidii ya kuudhi. Nilitengeneza jedwali lenye safu kumi na nne. Safu ya kwanza ilikuwa ya kiyoyozi, kwa ajili ya uadilifu wa kitaaluma. Shangazi aliifuta kabla sijamaliza kuisoma.

"Kiyoyozi kinakurudishia hewa ileile kutwa kucha," alisema. "Kwa Fino nilikaanga vitunguu Jumatatu, nikavinusa mpaka Alhamisi. Sitaki."

Ikabaki kuchagua aina ya kipoza. Cha paani au cha dirishani? Cha paani, kwa kuwa tundu la dari lipo tayari. Mito ya maranda au ya karatasi nene iliyokunjwa kama sega la nyuki? Hapo ndipo Mzee Cipriano alipojileta mwenyewe kwenye ua, mikono juu ya mbao, kama wakili aliyechelewa mahakamani.

"Karatasi!" alisema. "Dada Eufelia, huyu mtoto anataka upoe kupitia trei la mayai."

"Mzee, karatasi inadumu miaka mitano. Maranda ni mwaka mmoja tu."

"Na mimi nikikaa miaka mitano bila kuoga nitadumu. Utapenda kukaa karibu nami?"

Shangazi alichagua maranda. Sababu yake haikuwa kwenye safu yoyote kati ya zile kumi na nne: anapenda harufu yake siku ya kwanza yanapolowa, harufu ya mti uliokatwa asubuhi hiyo. Niliongeza safu ya kumi na tano, nikaandika "harufu," kisha nikakosa kipimo cha kujaza.

Ukubwa, hata hivyo, uliachwa kwangu kabisa. Kanuni ni nyepesi: unapima nyumba urefu, upana na kimo, unapata ujazo wa hewa, unaugawanya kwa mbili, na hiyo ndiyo hewa ambayo kipoza kinapaswa kusukuma kila dakika. Nilipima kwa nje, mara mbili, kwa futi ya chuma, nikiwa nimevaa kofia ngumu. Hakuna aliyeniambia nivae kofia ngumu. Ila nilisahau kwamba kuta za udongo za Tranquilino zina unene wa karibu nusu mita, za nje na hata ile ya kati. Kwa hesabu yangu, nilikuwa nimepanga kuupoza udongo wenyewe.

Kipoza kilipofika, kilijaza sehemu yote ya nyuma ya gari la mizigo. Mzee Cipriano alikizunguka mara moja, akavua kofia yake.

"Hiki cha kanisa kimeletwa hapa kwa makosa," alisema.

Kilipandishwa kwa kamba na wajukuu zake wawili, ambao walicheka njia nzima mpaka juu. Shangazi alifunga mrija wa shaba mwenyewe, akarekebisha boya linalofunga maji tangi likijaa, akashuka, akasimama ukumbini mbele ya swichi. Kwanza aliwasha pampu peke yake na kungoja maranda yalowe. Kisha akawasha feni.

Kalenda iliondoka ukutani. Kitambaa kilichofunika tortilla kiliruka mezani kikaenda kuifunika sanamu ya Mtakatifu Antonio kwenye kona yake. Milango mitatu ilijibamiza mmoja baada ya mwingine. Shangazi alisimama chini ya tundu, nywele zake nyeupe zimesimama wima, macho ameyafumba.

"Naomba radhi, Shangazi."

"Kina kasi ya chini?"

"Kinayo."

"Basi usilie. Weka kasi ya chini."

Jumapili iliyofuata alikwenda misa. Mimi nilibaki kuilinda nyumba, nikaona jambo lililonishangaza: kila dirisha lilikuwa wazi kidogo. Baridi yote tuliyoihangaikia ilikuwa inatoka nje bila kuaga! Nilikulia kwenye nyumba ambayo kuacha dirisha wazi kiangazi ni kosa la kumwitia mtu baba yake. Nilizunguka nikayafunga yote, nikaziba na taulo chini ya mlango wa jikoni, nikakaa kungoja pongezi.

Aliporudi, mlango wa mbele ulikuwa umevimba ukagoma kufunguka. Nilimsikia akiusukuma kwa bega. Ndani, chumvi ilikuwa imeshikana ikawa jiwe, picha za watakatifu zimejikunja kama majani ya tumbaku, na mimi nilikuwa nimekaa katikati ya ukumbi nikitiririka jasho, nimeshika daftari la vipimo lililolowa.

"Umeoga na nguo?" aliuliza.

"Nimehifadhi baridi, Shangazi."

Hakunigombeza. Alipita chumba kwa chumba akifungua madirisha, upana wa vidole viwili hapa, vitatu pale, na kila dirisha akalining'inizia ukanda wa karatasi laini ya msalani.

"Mashine inasukuma hewa ndani. Sasa iende wapi? Imejaa humu, imesimama, inatokwa jasho kama wewe. Unaifungulia dirisha la chumba unachotaka kipoe, inapita huko ikitafuta njia. Tazama karatasi. Ikilala kwenye wavu wa dirisha, umefungua sawasawa. Ikining'inia tu, umefungua mno. Ikirudi ndani," akanitazama, "umekuwa Injinia."

Mjukuu wa tatu wa Mzee Cipriano alinisalimia kwa jina hilo wiki nzima. Nilistahili.

Juni ilikuwa tamu. Juni yetu ni kavu mpaka midomo inapasuka, na hewa kavu ndiyo chakula cha kipoza. Nje kulikuwa tisini na tisa, ndani sabini na nne. Nilianza kumjua Shangazi Eufelia kwa saa zake. Alfajiri alizima kipoza na kufungua kila kitu, ili kuta zile nene zinywe baridi ya asubuhi. Saa nne alivuta mapazia ya upande wa mashariki. Saa sita aliwasha pampu, akanywa kahawa ya moto akisubiri maranda yalowe. Ndiyo, ya moto. Saa nane alilaza mkeka kwenye vigae chini ya tundu la dari, akalala kifudifudi kama mtu aliyepigwa risasi, dakika arobaini kamili. Maji yanayomwagika kutoka tangini yalikuwa yameelekezwa kwa mpira mpaka kwenye mnanaa na miche ya pilipili. Alipika miaka thelathini na moja kwenye jiko la shule, mbele ya majiko sita ya gesi, na aliwahi kuniambia kwamba katika miaka yote hiyo alikuwa anakwenda kazini kuichukua pesa ya kurudi kulala chini ya tundu lile. "Watu wengine wana bahari," alisema.

Mimi nilikuwa namtumia Fino picha ya sindano kila alasiri. Sabini na nne. Sabini na tano. Sabini na nne tena. Aliandika neno moja tu kila mara: "Vizuri." Kichwa kilinivimba kiasi kwamba nilianza kuandika makala kuhusu nyumba hii, yenye utangulizi wa kurasa sita, ambamo mimi nilijitaja mara tisa na Shangazi mara moja, kwenye shukrani.

Kisha Julai ikaingia, na mawingu.

Mwanzoni niliyafurahia. Kila alasiri yalikuwa yanajikusanya nyuma ya milima ya Sandia, makubwa, meupe juu na meusi chini. Nje joto lilishuka mpaka tisini na mbili, kama mchoro wangu ulivyosema. Ndani sindano ilipanda. Sabini na tisa. Themanini na moja. Themanini na mbili. Mashuka yalikuwa na unyevu, na karatasi za madirishani zililegea. Nilipanda paani. Nilikagua pampu, nikakaza mkanda wa feni, nikasafisha mirija inayomwaga maji, nikaigeuza mito. Kila kitu kilikuwa kizima. Nilikuwa nimekifungua kipoza pande zote nne, utumbo wake uko nje, nilipoisikia sauti kutoka upande wa pili wa ua.

"Umemaliza kumpasua? Mgonjwa siyo huyo."

"Mgonjwa ni nani, Mzee Cipriano?"

Akaelekeza kidole juu, kwenye mawingu.

"Hewa ya Juni ina kiu," alisema. "Unaipitisha kwenye maranda, inakunywa maji, inapoa. Hii ya sasa imeshakunywa huko ilikotoka. Unaipa maji, inakwambia asante, nimeshiba. Ndiyo maana hapa kila mtu, tangu mtoto wa kunyonya, anajua Julai kipoza ni feni yenye kelele."

Niliketi juu ya paa, kwenye chokaa. Aibu iliyonipata haikuwa ya kutojua. Nilikuwa najua! Mwaka wa tatu tulifundishwa mchoro wa unyevu wa hewa, muhula mzima, na katika mtihani niliuchora wote kwa kichwa, mistari iliyopinda na yote, nikapata alama ya juu darasani. Mwalimu aliubandika ukutani. Kisha nikakaa mezani kwa shangazi yangu, nikatoa mchoro mwingine, wa joto peke yake, nikaiweka nyumba yake rehani kwa siku mbaya kuliko zote katika mwaka, huku nikitabasamu.

Nilimkuta jikoni akichambua maharage.

"Shangazi, ulijua?"

"Kuhusu nini?"

"Julai. Siku ile mezani. Ulijua kwamba nimekosea."

"Nilijua."

"Na Kaka Fino?"

"Fino amelala chini ya tundu lile mpaka alipooa. Anajua."

"Sasa mbona hukuninyamazisha? Ungesema neno moja tu!"

Alichambua kama maharage kumi kabla ya kujibu. "Uliongea vizuri mno. Sikutaka kukukata." Kisha akaacha kuchambua. "Na tena, mwanangu, tungechagua Juni ningeshinda bila kutoka jasho. Fino angeondoka, na usiku ule ule angeanza kuhesabu siku za Julai. Angenipigia simu kila wingu likionekana. Mimi sikuanguka Juni. Nilianguka Julai, na ndiyo hofu yake ilipo. Kama nyumba hii hainifai Julai, basi hainifai."

"Na kama hainifai kweli? Yaani, kama haikufai?"

"Basi nitakwenda nikanuse vitunguu," alisema, akarudi kwenye maharage. Lakini mkono wake ulirudia kuchambua yale yaliyokuwa yameshachambuliwa.

Tangu siku hiyo niliacha kuandika makala. Tulifanya mazoezi kama timu ya mpira. Shangazi alikuwa kocha, na Mzee Cipriano alikuwa mtazamaji anayemtukana refa. Tuligundua kwamba saa za mawingu mazito ni afadhali kuzima pampu, tukaacha feni ivute hewa tu, bila kuilowesha. Tulihamisha mapishi yote uani. Tulianza kufungua nyumba saa kumi alfajiri badala ya saa kumi na mbili, na Shangazi alikwenda akigusa kila ukuta kwa kiganja, kama mtu anayempima mtoto homa, mpaka aridhike kwamba umepoa mpaka ndani. Siku nzuri tulifika saa kumi na moja jioni sindano ipo themanini na moja. Siku moja tu ilikuwa themanini kamili, na siku hiyo ilinyesha.

Maana kuna jambo moja linaloweza kutuokoa. Wingu likikaa tu juu bila kunyesha, tunapata unyevu wake pamoja na joto. Lakini likinyesha kweli, hewa ya nje huanguka kutoka tisini mpaka sabini kabla hujamaliza kuanua nguo. Hapo unafungua kila dirisha, unawasha feni kwa kasi yote, na nyumba inajaa ubaridi wa mvua. Tatizo ni kwamba kwetu mvua nyingi haifiki chini. Unaiona ikishuka kutoka winguni kama pazia la kijivu, halafu pazia linaishia hewani, juu ya vichwa vya watu, likakauka.

Leo ni sikukuu ya Mtakatifu Ana.

Fino alifika saa saba mchana. Alimbusu mama yake, akaisoma sindano: sabini na nane. Akasema "Vizuri, Mama," na alikuwa anamaanisha. Lakini mimi nilitoka kumsaidia kubeba soda, nikaona nyuma ya gari lake maboksi ya kuhamia, mapya, yamekunjwa na kufungwa kwa kamba. Aliona nimeona.

"Ni ya tahadhari tu," alisema.

"Shangazi asiyaone."

"Ameshayaona. Ameniambia ni madogo mno kwa masufuria yake." Akaiweka soda chini. "Analisa, wewe hukumwona pale sakafuni. Mimi Mzee Cipriano alinipigia simu, nikafika kabla ya gari la wagonjwa. Unadhani napenda kuiuza nyumba ya baba yangu?"

Nilichukua soda, nikaipeleka uani.

Saa nane sindano ilikuwa sabini na tisa. Saa tisa themanini na moja. Ndugu walikuwa wamejaa uani chini ya turubai, wanakula, wanajifanya hawachungulii ukumbini. Kila anayeingia kwenda chooni anarudi na habari, na habari inapita mezani haraka kuliko chumvi. Saa kumi ilikuwa themanini na tatu, upepo umekufa, na anga juu ya Sandia ni jeusi kama chini ya sufuria. Shangazi akazima pampu. Nikajitolea kurekebisha madirisha. Nikarekebisha matatu, karatasi zote tatu zikarudi ndani.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "chukua daftari lako. Kaa pale kwenye stuli, uandike. Usiguse kitu."

Kwa hiyo nimekaa kwenye stuli na ninaandika. Ni saa kumi na dakika thelathini na nane. Sindano ipo themanini na tatu. Shangazi Eufelia amesimama ukumbini, mkono mmoja juu ya swichi, tayari kuipa feni kasi yote, anatazama nje kupitia mlango wa wavu. Amevaa gauni lake la sikukuu, na mgongoni limeshika jasho. Uani wameacha kula.

"Mzee!" ameita. "Unaona nini?"

"Pazia," Mzee Cipriano anajibu kutoka juu ya paa lake, ambako hakuna aliyemruhusu kupanda. "Limeshuka mpaka kwenye miguu ya mlima."

"Linafika chini?"

"Sijui. Subiri." Kisha anapaza sauti: "Kule chini ya mlima, kwa akina Gurulé, sioni tena nyumba."

"Kwa sababu ya mvua au kwa sababu ya macho yako?"

"Dada Eufelia, nakwambia sioni nyumba!"

Saa kumi na dakika arobaini na nne. Mlango wa wavu umejigonga mara moja, peke yake. Kuna harufu ya vumbi lililolowa, inatoka mbali, lakini sindano haijatikisika. Fino amesimama katikati ya uwanja, mbali na turubai, uso ameuelekeza juu na viganja viwili amevikunjua mbele yake kama mtu anayeomba.

"Tone?" Shangazi anamuuliza.

"Bado, Mama," anasema. Hajashusha mikono. "Bado. Lakini shika swichi."